Mashini ya usingizi imefika toka Bulaya, lakini nani ataipanga?

Goma, Bukavu, Butembo, Bunia: ku miji hii yote hadithi inafanana. Baba wa nyumba anakoroma mpaka watoto wa chumba cha pili wanaamka. Katikati ya usiku kukoroma kunakatika ghafula. Kimya. Mama anahesabu: tano, kumi, kumi na tano. Kiisha baba anaruka kama mtu anayetoka ndani ya maji, anavuta pumzi kwa nguvu, na kukoroma kunaanza tena. Asubuhi anaamka na kichwa kizito, na saa nane ya mchana yuko anasinzia kwenye kiti cha kazi.

Zamani wengi walisema ni usingizi mzito wa mtu aliyeshiba. Wengine walisema kuna mtu anamukaba usiku, na wakaanza kumutafuta huyo mtu kati ya majirani. Siku hizi jina la ugonjwa limeanza kujulikana: apne ya usingizi, yaani pumzi kukatika wakati mtu amelala. Na pamoja na jina, imeanza kufika mashini. Kwenye karatasi ya mganga imeandikwa PPC, kwenye sanduku imeandikwa CPAP. Ni kitu kidogo kama redio ya mezani, na mpira mrefu, na maski ya kuvaa puani. Mpya inauzwa mia kadhaa za dola, kwa hiyo mara nyingi inafika ndani ya mizigo ya ndugu anayetoka Brussels, Paris ao Montréal, ikiwa imeshatumiwa na mtu mwingine.

Shida inaanzia hapo. Mashini inafika, inachomekwa, inavuma, na baada ya wiki mbili iko chini ya kitanda. Familia inasema haisaidie. Lakini mara nyingi mashini haina kosa. Ilikuwa na namba za mtu mwingine.

Ni vizuri kujua kwanza kile inachofanya. Mganga mmoja wa Sydney, Australia, Colin Sullivan, ndiye aliyeonyesha njia hii pamoja na wenzake mwaka 1981. Wakati mtu amelala chali, misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, na njia ya hewa inajifunga kama mpira wa bustani uliokanyagwa. Mashini inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma kwa nguvu ndogo ndani ya pua, ili koo libaki wazi. Basi. Haitengenezi oksijeni. Tangu wakati wa Covid watu wengi wanachanganya hii na ile mashini ya oksijeni ya hospitali, na kuna anayeinunua kwa ajili ya mgonjwa wa mapafu akifikiri ni kitu kimoja. Sivyo.

Ile nguvu ya kusukuma inapimwa kwa sentimita za maji. Mtu akitaka kuelewa, achukue ndoo ya maji na mrija, azamishe mrija sentimita kumi, apulize mpaka povu litoke. Nguvu aliyotumia ndiyo inaitwa 10. Mashini za kawaida zinaanzia 4 na zinafika 20. Kuna mtu koo lake linafunguka kwa 7, mwingine mpaka 14. Hakuna anayeweza kujua kwa kumutazama mtu uso, hata kama ni mnene.

Ku nchi zenye vifaa, mgonjwa analala usiku mmoja katika chumba cha kupimia usingizi, na fundi anapandisha nguvu polepole mpaka pumzi inakaa sawa. Ao wanamupa mashini inayojipanga yenyewe, kiisha baada ya siku kadhaa wanasoma kile ilichoandika. Huku mashariki ya Kongo mgonjwa wa kawaida hapiti njia hizo zote mbili. Anapata mashini kama vile ilivyo.

Na kama vile ilivyo, mashini ya kujipanga yenyewe inatoka kiwandani mara nyingi ikiwa imefunguliwa kutoka 4 mpaka 20. Kwa macho inaonekana sawa: ichague yenyewe. Lakini kwa mtu mzima wengi, 4 ni hewa kidogo sana. Anavaa maski, anahisi kama amefunikwa blanketi usoni, anaitoa. Yule anayevumilia na kulala, koo lake linaanza kufunga, mashini inaona, inapandisha polepole, lakini wakati inafika kwenye nguvu inayotakiwa, pumzi imeshakatika mara nyingi. Kiisha inashuka tena, na mchezo unarudi. Waganga wa usingizi wanatazama ile nguvu ambayo mashini ilihitaji sehemu kubwa ya usiku, halafu wanapandisha namba ya chini ikaribie hapo. Kama mashini inafika 10 ao 11 kila usiku, hakuna sababu ianzie 4.

Namba ya pili inayosumbua ni muda wa kupanda. Mashini nyingi zina mtindo wa kuanza taratibu ili mtu alale bila kusumbuliwa, na mtindo huo unaweza kuwekwa mpaka dakika 45. Mtu aliyechoka anapata usingizi ndani ya dakika tano. Dakika 40 zinazobaki analala bila ulinzi, na akiamka kukojoa na kuizima, zinaanza upya. Kumbe jambo lenyewe ni la kubonyeza kitufe kimoja.

Kuna tena kile kitufe cha kulegeza hewa wakati wa kutoa pumzi. Kinasaidia watu wanaosema wanapigana na mashini. Ila mtu aliyeweka 4 haone tofauti yoyote, juu mashini haiwezi kushuka chini ya 4. Na wengine wakikiweka juu sana, pumzi zinaanza kukatika tena, kwa sababu nguvu halisi imepungua. Ndiyo maana waganga wanashauri kubadilisha kitu kimoja kwa wakati, na kungoja siku kadhaa mbele ya kugusa kingine. Usiku mmoja hauonyeshi kitu: labda mtu alikunywa kasiksi, labda alilala chali, labda alikuwa na mafua.

Lakini mbele ya kugusa nguvu, maski. Hapa ndipo wengi wanapotea. Hewa ikitoka pembeni ya maski ao mdomoni, mashini inasoma vibaya, inaongeza nguvu, maski inainuka zaidi, hewa inatoka zaidi, na mama analala na upepo usoni. Mtu anayelala mdomo wazi na maski ya pua peke yake anapoteza hewa yote. Mwenye ndevu nyingi pia. Kukaza kamba mpaka uso ubaki na alama haisaidii. Maski inapaswa kuvaliwa mtu akiwa amelala chini, mashini ikiwa inapiga, kiisha kamba zikazwe kidogo kidogo. Maski iliyotoka kwa mtu wa uso mwembamba wa Liège haitakaa kwenye uso wa mtu mnene wa Kadutu, hata ukiikaza namna gani.

Asubuhi, mashini nyingi za miaka ya karibu zinaonyesha namba tatu kwenye kioo: masaa yaliyotumiwa, hewa iliyopotea, na mara ngapi kwa saa pumzi ilikatika ao ilipungua. Kukatika kunahesabiwa kama kumefika sekunde 10. Kwa mtu ambaye hajatibiwa, kati ya 5 na 15 kwa saa ni ugonjwa mdogo, 15 mpaka 30 wa katikati, kupita 30 ni mkali. Ndani ya matibabu waganga wanataka namba ishuke chini ya 5. Mtu aliyekuwa na 40 akifika 12 ataona nafuu, na atasema sawa, yatosha. Haitoshi bado, na sababu yake ni kusoma kadi.

Kadi ndogo ya kumbukumbu ndani ya mashini inaandika usiku mzima, pumzi kwa pumzi. Iko programu ya bure inaitwa OSCAR, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea kutoka programu ya mbele iliyoitwa SleepyHead. Inaingia kwenye kompyuta ya kawaida, na ikishaingia haihitaji intaneti. Kwa mji ambao mtandao unaenda na kurudi, hilo si jambo dogo. Mtu anapiga picha ya kioo na kumutumia mganga aliye Kampala ao Lubumbashi kwa WhatsApp.

Na picha hiyo inaonyesha jambo moja ambalo namba peke yake inaficha: je, koo ndilo limefunga, ao ubongo ndio uliacha kutoa amri ya kupumua? Ni magonjwa mawili. La kwanza linataka nguvu zaidi. La pili, ukiongeza nguvu, unaweza kulizidisha. Kuna watu ambao la pili linatokea baada tu ya kuanza mashini, na kwa wengi wao linapungua lenyewe baada ya wiki kadhaa. Anayeona namba imepanda na kukimbilia kuongeza nguvu kila usiku anaweza kujiumiza akifikiri anajitibu. Tumbo kujaa hewa asubuhi ni alama nyingine kwamba nguvu imepita kiasi ao hewa inamezwa.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo, na watu wachache wanaizungumzia. Mashini hizi zinafanana kwa sura. Ndani ya sanduku moja inaweza kuwa CPAP ya kawaida, ndani ya lingine mashini ya nguvu mbili, ndani ya la tatu ile inayoitwa ASV, inayofuata pumzi na kuisahihisha yenyewe. Mwaka 2015 utafiti ulioitwa SERVE-HF, uliochukua wagonjwa 1,325 wenye moyo uliochoka, ulionyesha kwamba wagonjwa wa aina hiyo, wenye apne ya ubongo, walikufa kwa moyo zaidi wakiwa na ASV kuliko wale wasiokuwa nayo. Kwa hiyo mzee mwenye miguu iliyovimba na moyo mgonjwa, akipewa sanduku bila mtu kusoma jina la nyuma, anaweza kuwa amepewa kitu kibaya kwa upendo. Jina liko chini ya mashini. Lisomwe, lipigwe picha, litumwe kwa mganga mbele ya kuchomeka.

Kusoma jina kuna faida nyingine. Juni 2021 kampuni ya Philips iliita nyuma mamilioni ya mashini zake za kupumulia, kati yake DreamStation za kwanza na System One, zilizotengenezwa mbele ya tarehe 26 Aprili 2021. Ndani yake kulikuwa sponji ya kupunguza kelele. Sponji ile iliweza kuoza na kuwa vipande vyeusi vinavyoingia kwenye mpira wa hewa, na kutoa gesi. Joto, unyevu na kusafisha kwa ozoni viliharakisha kuoza. Aprili 2024 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.1 kumaliza mashitaka Marekani, bila kukubali kosa, na mwaka huo iliacha kuuza mashini mpya za apne ndani ya nchi hiyo.

Sasa jiulize barua ya kuita nyuma ilifika wapi. Ilifika kwa mtu aliyeandikisha mashini yake Ulaya ao Marekani. Huyo alipewa ingine, ama ilitengenezwa. Ile aliyokuwa nayo mkononi mbele ya barua, na akaitoa zawadi mwaka 2020, haina anwani tena. Hakuna mtu wa kiwanda atakayepiga simu Mugunga ao Panzi kuuliza. Watu wa kwetu wamezoea vitu vya mitumba, gari, nguo, friji, na wanajua kuvichunguza: mtu anafungua boneti, anasikiliza injini. Kwa mashini hii hawajajua bado pa kufungua. Namba ya kiwanda iko chini, na mwenye ndugu Bulaya anaweza kumwomba aichunguze kwenye ukurasa wa kampuni. Vumbi jeusi ndani ya mpira ni alama ya kusimamisha mara moja.

Lakini vumbi jeusi Goma ni neno lenye shida, juu mji wenyewe umejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Kichungi kidogo cha nyuma ya mashini, ambacho Brussels kinakaa mwezi ao zaidi, huku kinaweza kuwa cheusi haraka sana. Kikiziba, injini inafanya kazi kwa nguvu na hewa inapungua. Mashini iwekwe juu ya meza, si chini, na kichungi kitazamwe kila juma.

Swali la mwinuko linarudi mara nyingi. Goma na Bukavu ziko karibu na mita 1,500 juu ya bahari, Butembo zaidi kidogo. Mashini za sasa zinajipima na kujirekebisha. Za zamani hazijui: namba 10 iliyowekwa pwani ya Ubelgiji inatoa chini ya 10 huku juu, kwa sababu hewa ni nyepesi. Baadhi zina kitufe cha mwinuko kwenye menyu. Mtu wa Uvira, aliye chini karibu na ziwa, ana shida hiyo kidogo zaidi kuliko wa Lubero.

Halafu umeme. Bila umeme mazungumzo yote haya ni hewa. Tangu vita viingie Goma mwisho wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, familia nyingi zimejifunza kuhesabu wati moja moja. Basi zihesabu hivi: kinachokula umeme si kusukuma hewa, ni kupasha maji joto. Mashini nyingi za sasa, zikizimwa joto la maji na la mpira, zinakula kama balbu chache za LED. Zikiwashwa joto, zinaweza kufika wati 50 na kupita. Mwenye batri ya sola azime joto, na batri iliyokuwa inakufa saa saba za usiku inaweza kumufikisha asubuhi. Zingine zinataka volti 12, zingine 24, na kuunganisha bila kusoma ni kuichoma. Umeme unaopanda na kushuka unaua kile kisanduku cha waya kwanza. Kifaa cha kulinda friji kinafaa na hapa. Na umeme ukikatika usiku, maski itolewe. Maski kubwa zinazofunika mdomo zina mlango wa usalama, lakini hakuna sababu ya kuendelea kuvuta pumzi yako mwenyewe.

Kuhusu maji ya chombo cha unyevu, kiwanda kinasema maji yaliyochujwa kwa mvuke tu. Ku mji wenye kipindupindu, maji ya ziwa ama ya bidoni yasiguse hapo. Asiyepata maji safi atumie mashini bila maji. Pua itakauka kidogo, ndiyo yote.

Inabaki kuuliza nani aguse namba. Kiwanda kimeficha menyu ya mganga nyuma ya vitufe viwili vinavyobonyezwa pamoja, na siri hiyo imeshatoka siku nyingi. Wenye kusema mgonjwa asiguse kabisa wana haki mahali ambapo mganga anajibu simu. Huku, kumwambia mtu angoje mtaalamu asiyekuwepo ni kumwambia aache mashini. Wenye kusema kila mtu aregle yake nao wanasahau ile habari ya moyo na ya ubongo. Kati ya hapo kuna nafasi: maski, kichungi, unyevu, muda wa kupanda, hayo ni ya mgonjwa na mke wake. Nguvu ya hewa iguswe pamoja na mganga, hata wa mbali, akiwa na picha ya kadi mbele yake. Na mgonjwa wa moyo, wa mapafu, ao anayekunywa dawa za kulala asiguse peke yake.

Jambo hili halikamatwi kwa uzito unaotakiwa kwa sababu hakuna damu inayoonekana. Lakini apne inaenda pamoja na tansio, yaani presha ya damu, ambayo haishuki hata mgonjwa akimeza vidonge. Na kuna usukani. Dereva wa Fuso anayesinzia kati ya Beni na Komanda, na motari anayefumba macho sekunde tatu kwenye mteremko, hawako peke yao barabarani. Ripoti ya ajali ikiandikwa, itasema breki.

Watafiti waliohesabu ugonjwa huu mwaka 2019 walipata karibu watu wazima milioni 936 dunia nzima. Kwa kituo cha afya kisichokuwa na chombo, kuna maswali manane ambayo hayalipishwi: kukoroma kwa sauti, uchovu wa mchana, mtu aliyeona pumzi ikikatika, presha, unene, kupita miaka 50, shingo ya zaidi ya sentimita 40, kuwa mwanaume. Ndiyo tatu zinatosha kumutuma kwa mganga. Muuguzi yeyote anaweza kuuliza hayo, na swali la tatu aulizwe mama wa nyumba, si mgonjwa.

Masaa nayo yana maneno yake. Utafiti mkubwa uliotoka 2016, wenye watu zaidi ya 2,600, haukuona mashini ikipunguza magonjwa ya moyo na ya mishipa. Wengi walishangaa. Lakini watu wale waliivaa kwa wastani masaa 3.3 tu kwa usiku. Waliamka mchana na nafuu, ndiyo, moyo haukufaidi. Mtu anayeivaa mpaka saa saba za usiku na kuitupa amelinda nusu ya usingizi, na ni nusu ya pili, karibu na asubuhi, ndipo ndoto nyingi zinakuja na koo linalegea zaidi.

Dawa nayo imeingia: Desemba 2024 Marekani ilikubali tirzepatide, sindano ya kila juma, kwa watu wanene wenye apne ya katikati ao kali. Bei yake inaiweka mbali na mitaa yetu kwa sasa. Kupunguza unene, kulala ubavu, na kuacha pombe masaa ya mwisho mbele ya kulala havihitaji ndege.

Mashini yenyewe inaweza kudumu miaka. Kinachoisha ni ile sehemu laini ya maski inayogusa ngozi. Baada ya miezi michache inakuwa ngumu, inapasuka, hewa inatoroka, na namba ya asubuhi inapanda bila mtu kugusa kitu. Hiyo hakuna duka la dawa la mtaa linaloiweka kwenye rafu. Wenye nayo wanaagiza mbili tatu kwa mara moja, kupitia mtu anayepita Kigali ao Kampala, na wanamwandikia kwenye karatasi jina la maski na ukubwa wake, kwa herufi kubwa.